Kiboko Alipokuja Kusikiliza Kwaya

Niliingia kwaya kwa sababu ya uhaba wa wanaume. Kanisa letu kule Kalama lina wanawake wa kujaza viti vyote vya mbele na wanaume wa kujaza kivuli cha nje, na katika hao wa kivulini, waliokubali kuvaa sare ya kwaya walikuwa watatu tu. Mimi nafanya kazi Athi River, kwenye kiwanda cha nguo, nikikagua mishono ya suruali ambazo sitazivaa kamwe, na kila Ijumaa jioni narudi nyumbani. Jumamosi moja shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alinikuta nimelala mchana. Akaniambia mtu anayekoroma hivyo ana kifua cha kutosha kuimba besi.

Sauti sina. Mwalimu wa kwaya, ambaye siku za kazi hufundisha darasa la nne, alinisikiliza nikiimba ubeti mmoja huku amefumba macho kama mtu anayeng'olewa jino.

"Wewe utasimama nyuma," akasema. "Fungua mdomo vizuri, lakini sauti uiache huko ndani. Urefu uko nao."

Basi nikawa mwanakwaya wa urefu. Shangazi ndiye mwenyekiti. Ana miaka sabini na kitu, magoti mabovu, na kikopo cha ugoro ambacho kanisa zima linakijua na kanisa zima linajifanya halikijui. Akipiga chafya katikati ya maombi, mchungaji hujibu "Amina" na kuendelea.

Mwaka juzi kwaya iliamua kupiga video. Siku hizi kwaya isiyo na video ni kama harusi isiyo na picha, watu wanaanza kuuliza kama kweli mlioana. Mwalimu alikuwa ametunga wimbo kuhusu Danieli katika tundu la simba, unaoitwa "Sitakimbia", na sauti zilikuwa tayari zimerekodiwa mjini Machakos katika chumba kilicho nyuma ya duka la magodoro. Kilichobaki ni picha. Wengine walipendekeza bustani ya mjini, lakini mwalimu alikataa. Alisema maua ya pale yameshanuswa na kila dhehebu. Yeye alitaka maji, maji mengi, ili mtazamaji akiona ajue hii kwaya si ya mchezo. Kwa hiyo tukaamua kwenda bwawa la Masinga, upande wa Kivaa.

Tulikodi basi la shule. Tulivaa sare tangu nyumbani, zambarau yenye kola ya manjano, na viatu vyeusi vilivyopakwa rangi mpaka vikatisha. Dereva alikuwa na muziki wake, benga za zamani za Kikamba, na hatukuwa tumefika mbali alipoweka wimbo wa mwanamume anayelia kwamba mkewe amemwachia sufuria moja na kuhamia Mombasa. Mwalimu alivumilia kidogo, kisha akasimama.

"Dereva, hii ni safari ya kanisa. Hebu zima hiyo."

"Wacha kwanza amalize," Shangazi akasema kutoka kiti cha mbele. "Tujue kama bibi alirudi."

Hakuna aliyetaka kubishana na mwenyekiti. Wimbo ukaendelea, na ule ni wimbo mrefu. Niliwaangalia wale kina mama wa sauti ya kwanza, waliookoka zamani na kutangaza kwamba hawajui lolote la dunia. Midomo yao ilikuwa inafuata maneno yote, hata jina la baa. Bibi hakurudi. Shangazi akatikisa kichwa na kusema hata yeye asingerudi kwa sufuria moja.

Tulipofika bwawani jua lilikuwa limepanda. Wengi wetu hatukuwahi kuona maji kiasi kile mahali pamoja. Sisi watu wa Kalama maji tunayajua yakiwa ndani ya mtungi, mgongoni mwa punda. Watu wakaanza kupigana picha na simu.

Mpiga video alikuwa ametangulia na pikipiki. Alikuwa kijana wa Syokimau mwenye rasta fupi na droni, ile ndege ndogo ya kamera, ndani ya begi. "Niaje wazazi," akatusalimia, na wazazi wakajibu "Bwana asifiwe". Alichagua mahali penye nyasi fupi karibu kabisa na maji, pembeni ya matete. Tukaanza kujipanga.

Hapo karibu palikuwa na shamba la nyanya, na mwenye shamba alikuwa akihangaika na pampu yake ya maji. Alituangalia tukijipanga kwa muda, akafuta mikono, akaja mpaka kwangu na mwalimu.

"Hapo mnasimama pako na mwenyewe," akasema.

"Hakuna shida," mwalimu akamjibu kwa adabu. "Akikuja tutaongea naye."

Yule mzee alimtazama mwalimu, akanitazama na mimi, akatazama sare. Nafikiri aliamua kwamba watu waliovaa zambarau namna ile wana mipango yao. Akarudi kwenye pampu.

Kama hujawahi kupigwa video ya kwaya, kazi yenyewe ni hii. Spika kubwa inawekwa chini, wimbo uliokwisha kurekodiwa unachezwa, nanyi mnachezesha midomo na kuonyesha kwa mikono. Ukisema mbingu, unaonyesha juu. Ukisema moyo, unashika kifua. Kwenye "Sitakimbia" tulifundishwa kukanyaga chini kwa mguu wa kulia na kunyoosha kiganja mbele kama askari wa trafiki. Kwa mara ya kwanza nilikuwa sawa na wengine wote. Hakuna aliyekuwa akiimba.

Tulirudia mara nyingi. Jasho lilitutoka, viatu vikashika matope, na mama mmoja wa sauti ya kwanza akaanza kusema Danieli mwenyewe hakuteseka hivi. Mwishowe mpiga video akasema sasa ni zamu ya droni. Alipanda juu ya paa la basi ili aone vizuri. Ile ndege ikapaa ikilia kama nyuki elfu, ikapita juu ya vichwa vyetu, ikashuka juu ya matete.

"Msiangalie kamera," akapiga kelele kutoka juu. "Angalieni mbele, ni kama mumeona kitu."

Tulikuwa kwenye kiitikio. Tukakanyaga chini, tukanyoosha viganja, na matete yakapasuka. Kiboko alitoka mzima mzima, mweusi, anang'aa kama kiatu cha mwalimu, maji yakimchuruzika. Akasimama ukingoni na kufungua mdomo. Mimi niliwahi kudhani picha za mdomo wa kiboko zimetiwa chumvi.

Hakuna aliyepiga mayowe mwanzoni. Kilichosikika ni viatu. Kwaya nzima iligeuka kwa pamoja, kwa umoja ambao mwalimu alikuwa akiutafuta tangu Januari, tukatimua mbio kuelekea basi. Mama aliyelalamika kuhusu Danieli alinipita. Mwalimu alitupita sote, akakata katikati ya nyanya za watu. Na nyuma yetu ile spika, ambayo haikuwa na miguu, iliendelea kuimba kwa sauti zetu wenyewe, kwa nguvu zote: sitakimbia, sitakimbia, hata simba wakinguruma sitakimbia.

Nilifika kwenye nyanya ndipo nikakumbuka kwamba sikuja peke yangu. Nikageuka.

Shangazi alikuwa amesimama palepale, kando ya spika, mkono umenyooka mbele. Alikuwa anaimba. Hachezeshi mdomo, anaimba, sauti ya pili, juu ya ile ya spika. Kiboko alikuwa mbele yake, umbali wa uwanja wa kanisa, akimwangalia.

Nilirudi. Usinipe sifa kwa hilo, nilikuwa nikifikiria nitamweleza nini mama yangu. Nilienda polepole, kwa pembeni, kama mtu anayeingia kanisani akiwa amechelewa, mpaka nikafika karibu naye na kuushika mkono wake.

"Wacha mkono, utaniangusha," akasema bila kugeuka. "Simama hapo. Imba."

"Shangazi, twende."

"Nimesema imba."

Nikaimba. Sijui ilitoka sauti gani. Nilikuwa na miaka arobaini na moja na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyoimba ubeti mzima kwa sauti mbele ya kiumbe mwingine, na kiumbe mwenyewe ni yule. Alitusikiliza. Masikio yake madogo yalikuwa yanachezacheza. Mpiga video, kule juu ya basi, aliita droni irudi, na ule mlio ulipopotea kiboko akafunga mdomo, akajigeuza kwa shida kama lori barabara nyembamba, akarudi majini. Yakabaki mapovu.

Ndipo Shangazi akaniruhusu kumshika mkono. Tulitembea kuelekea basi mwendo wake, ambao si mwendo, na njia nzima sikuthubutu kuangalia nyuma. Mwenye shamba alikuwa amekuja kuangalia nyanya zake zilizokanyagwa.

"Huyo ndiye mwenyewe," akatuambia.

Mwalimu aliomba radhi kwa ajili ya nyanya, na kina mama wakazinunua zote zilizopasuka, tukazila na chapati zetu ndani ya basi, madirisha yamefungwa. Wakati wa kurudi dereva hakuulizwa kuhusu muziki.

Shida ilianza baadaye, kwa sababu yule kijana hakuwa ameacha kupiga picha hata kidogo. Mwalimu alitaka ile sehemu ikatwe, na kwenye video ya kwaya ilikatwa; pale mwisho wa kiitikio unaona maua ambayo hatukuyaona siku ile. Lakini sehemu iliyokatwa kijana aliiweka mtandaoni, nayo ikaenda simu hadi simu. Jumatatu ya pili, kiwandani, wasichana wa cherehani walikuwa wameizunguka simu moja wakicheka mpaka wanashikana. Mmoja akainua macho.

"Bosi, huyu wa nyuma si ni wewe?"

Nikasema wanaume warefu ni wengi. Akaniambia ndiyo, lakini wanaokimbia wameshika kola ni wachache.

Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri juu yetu. Alisema vijana walikimbia, walimu walikimbia, lakini mama mmoja wa imani alisimama imara mbele ya mnyama, na Bwana akaufunga mdomo wa mnyama. Watu walipiga makofi. Kisha akamwita Shangazi mbele atoe ushuhuda. Alichukua muda kufika. Akapewa maiki, akaishika mbali kidogo na mdomo kama mtu anayeshika kuku asiyemwamini.

"Mchungaji ameongea vizuri," akasema. "Lakini mimi sikusimama. Mimi nilibaki. Magoti yangekuwa mazima, mngenikuta ndani ya basi, na mlango nimefunga."

Kanisa lilicheka, isipokuwa mchungaji, ambaye mahubiri yake yalikuwa bado na kurasa.

"Kukimbia siwezi, kuogelea sijui," Shangazi akaendelea. "Nikaona nimalizie wimbo. Bwana asifiwe." Akarudisha maiki, akapiga chafya.

Baada ya ibada nilitembea naye mpaka kwake. Njiani nilimuuliza, pale mbele ya kiboko, alikuwa akifikiria nini. Nilitegemea aseme Mungu, au marehemu mumewe.

"Nilikuwa nafikiria yale maji," akasema. "Maji yote hayo, na mimi nimechota kwa kisima cha chumvi miaka yote. Nilikuwa na hasira. Huyo mnyama alinikuta na hasira tayari."

Kisha akaniambia hajawahi kutoka sana. Machakos mjini, hospitali, matanga, harusi, hapo tu. Aliniuliza huko ninakofanya kazi kuna nini cha kuonwa. Nikasema kuna vumbi la simiti na malori. Akasema hata malori ni sawa, na je, ni kweli treni inapita huko? Yeye treni ameiona kwenye televisheni tu.

"Kitu kikubwa namna hiyo ningependa kukiona," akasema. "Treni haitoki kwa reli ikufuate."

Nilimpeleka mwezi wa Agosti, nikiwa likizo. Niliomba gari la rafiki, nikaweka mto kwenye kiti kwa ajili ya magoti. Alivaa koti lake zuri la harusi. Tulikula nyama ya kuchoma kwenye hoteli moja ya kando ya barabara, akasema mbuzi wa Athi River amekufa na mawazo mengi, kisha tukaenda kusimama karibu na ua wa reli, mahali ambapo watu huchungia mbuzi. Tulisubiri muda mrefu. Alitoa kikopo chake, akanusa, akanikaribisha, nikakataa, akasema nimekosa.

Treni ya abiria ilikuja kutoka upande wa Mombasa. Tuliisikia chini ya viatu kwanza, halafu ikapita, ndefu, na vioo vyake vimejaa watu wasiotuangalia. Shangazi alipunga mkono kwa kila behewa mpaka la mwisho.

"Imejaa," akasema ilipokwisha. "Hata hawakusalimia."

Akaomba tungoje nyingine.