Kwanza Yupo

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ni ile baba yako alipofika Sydney kutoka kambini Tanzania. Mimi ni baba yako mdogo tu, tena bado kijana, kwa hiyo nivumilie nikikupa nasaha kama mzee.

Vita vilipotutenganisha mimi na yeye nilikuwa mdogo sana, sura yake sikuikumbuka. Nilipokua nilifanya kazi kiwandani Ingleburn, hapa hapa Sydney, na kwenye treni nikijisomea falsafa ya zama za kati bila mwalimu. Nilisoma kwamba kitu cha kwanza ambacho akili ya mtu hukipata ni kuwepo: kabla hujajua hiki ni nini, umeshajua kwamba kipo. Nilirudia ukurasa huo mara nyingi, nikiogopa sijauelewa. Ndivyo nilivyo, hata salamu naipanga kwanza kichwani.

Basi milango ya uwanja wa ndege ikafunguka, akatoka mwanamume mwembamba na ule mfuko mweupe wa plastiki wanaopewa wakimbizi. Akasimama, akatazama watu. Mimi nilijibanza nyuma ya nguzo, nikimkagua masikio, paji la uso, mwendo, kama vinafanana na vyangu.

Mzee Laurent, aliyenileta kwa gari la kanisa, akanifuata.

"Unafanya nini huku?"

"Naangalia kama ndiye, mzee."

"Kwani unanunua mbuzi? Mwenzio anadhani hakuna aliyekuja kumpokea."

"Na kama siye?"

"Yupo pale, au hayupo?"

"Yupo."

"Bon, vema. Anza hapo. Mengine mtaulizana kwenye gari."

Nikatoka. Maneno yote niliyoyapanga yalipotea, nikasema "karibu" tu. Akanishika mkono, hakuuachia mpaka tulipofika nyumbani Fairfield. Njiani akaniuliza kama bado nalala na kiatu kimoja mkononi, tayari kukimbia. Hilo walilijua watu wa nyumbani kwetu tu. Ndipo nilipopata hakika, lakini mkono wake nilikuwa nimeshaushika.

Nawe nakuona, mwanangu. Humsogelei mtoto mgeni shuleni mpaka umjue ni wa namna gani. Nikikuuliza, unanijibu kwa Kiingereza kwamba hujawa tayari. Ukikutana na mtu, usianze na yeye ni nani wala anafaa nini. Anza na kwamba yupo. Kumjua kutafuata polepole, na hakutakamilika. Baba yako bado ananishangaza.

Mungu akujalie kuwaona watu kabla hujawapima. Na siku utakayosimama peke yako mbele ya milango kama ile, atokee mtu nyuma ya nguzo.