Uso Wangu Ukutani kwa Bibi

Nilijikojolea, tena nikiwa nimeshaanza kuchunga ng'ombe. Juzi hapa Ganako watu wanakandika nyumba, nikanusa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, nikajikuta nimeshika suruali.

Siku ile ya kujikojolea, mama alinituma kuomba moto kwa bibi jirani. Ndani, kuta zote zilijaa nyuso za majirani, za udongo. Bibi mwenyewe vidole vinatoka damu, na bado anafinyanga. Uso wa mwisho ulikuwa wangu, mbichi, hauna macho.

"Simama hapo mjukuu wangu, nikumalizie."

Shule niliikimbia baadaye, ila mbio za siku ile sijawahi kuzirudia.

Rafiki yangu niliyemsimulia haya juzi alicheka.

"Ungemwacha amalize, bwana. Mimi uso wangu aliumalizia macho, sasa hanichunguliagi tena dirishani."