Usiing'oe Struts kwa Hasira

Siku hiyo siisahau, mwanangu. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni karibuni, nikaajiriwa kutunza mfumo wa kliniki ya wajawazito hapa Sumbawanga. Uliandikwa kwa Java, juu ya kiunzi, yaani mifupa ya programu, cha zamani kiitwacho Struts, toleo ambalo waliolitengeneza walishaacha kulitia viraka vya usalama. Mimi nilikuwa mtoto wa Spring Boot, kiunzi kipya tulichofundishwa chuoni. Nikatangaza kwamba tuufute mfumo wote tuandike upya. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Mkubwa wetu wa kazi, Mama Telesia, alikuwa mtu wa Namanyere. Programu alizijua kuliko sisi sote, na Jumamosi alishinda shambani. Hakunifokea. Aliniuliza yule mama aliyefika asubuhi ile kutoka Kipili, ambaye habari za upasuaji wake wa kwanza zimo kwenye Struts, ahudumiwe na nini wakati mimi naandika upya. Mwenzangu Hamisi, aliyetaka tusiguse chochote, akacheka, naye Mama Telesia akamgeuzia kibao: mfumo usiotiwa viraka ni mlango usio na komeo, siri za wagonjwa zitaibwa.

"Sisi Wafipa nyasi tunazifukia kwenye tuta, baba," akasema. "Zinaoza, tunapanda maharage juu. Msimu ujao tunalitawanya tuta, tunapanda ulezi. Mfumo nao ni hivyo: anzeni na ukurasa mmoja."

Tukaanza na ukurasa wa miadi. Huo ukahamia Spring Boot, kurasa nyingine zikabaki Struts. Kisha dawa, kisha maabara. Nilinung'unika sana, maana ujana hauna subira, lakini hakuna mama aliyerudishwa nyumbani. Siku tulipoizima Struts, waliokuwa kwenye foleni hawakujua kitu. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Kwa hiyo nakwambia: kazi mpya ianze na kiunzi kipya, chenye watu wanaokitunza na ambacho wenzako watakimudu hata ukihama. Mfumo wa kale wenye watu ndani yake usiuache uoze, wala usiubomoe kwa hasira. Uhamishe kidogo kidogo. Na kabla hujachagua, nenda ukakae kwenye benchi na wanaousubiri.

Mungu akubariki, mwanangu. Akujalie kazi ambayo mama ataitumia bila kulijua jina lako, arudi kwake salama na mtoto mgongoni.