Mkunga wa Osukuru Asomewa Wasifu Wake Akiwa Hai

Niliondoka nyumbani kwa hasira. Watoto wa mtaa wetu hapa Busia wanawajua wachezaji wote wa Ulaya, lakini ukiwauliza jina la mtu mashuhuri wa mpakani hapa, wanakodoa macho. Basi mimi, mwalimu mstaafu ambaye kazi yangu siku hizi ni kulalamika tu, nikaamua kuwaandikia kijitabu cha watu wetu: kila mtu ukurasa mmoja na picha yake.

Asubuhi, bado Busia, nilianza na Hajati Zaitun, mwanamke wa kwanza mjini kuendesha lori lake mwenyewe. Siku hizi malori kawaachia wanawe, yeye anauza vitenge.

"Andika sikupata ajali hata moja," akaniambia. "Ila ng'ombe mmoja. Huyo usimwandike."

Wakati wa kuaga niliuliza njia ya Osukuru, nikasema nakwenda kuchukua wasifu wa Mama Amoding, yule mkunga. Msaidizi wa duka, mwanamke wa makamo aitwaye Beti, aliweka mkasi chini.

"Wasifu wa Mama Amoding?"

Nikajibu ndiyo, nikakimbilia pikipiki. Laiti ningefikiri kidogo. Kwetu wasifu husomwa mazikoni, jeneza likiwa mbele na wafiwa wamekaa chini ya turubai. Mtu aliye hai hachukuliwi wasifu.

Adhuhuri nilikuwa Malaba, nikipenya katikati ya foleni ya malori hadi kwa refa mmoja mstaafu. Huyu aliwahi kumwonyesha shemeji yake kadi nyekundu, akarudi nyumbani akakuta hakuna chakula. Nilicheka hadi nikasahau kumpiga picha, ikabidi nirudi kutoka kwenye kizuizi cha barabarani.

Jioni nikafika Osukuru, vilima vikiwa vimeanza kuingia giza. Mama Amoding alikuwa uani akipepeta nafaka ya wimbi kwa ungo. Nikamsalimu kwa Kiteso changu kibovu, "Yoga," naye akanihurumia akajibu kwa Kiswahili.

"Wasifu? Kwani mimi nakufa lini, mwalimu? Hawajaniambia."

Nilipomweleza alicheka, akanisogezea kigoda. Alinisimulia jinsi alivyokuwa akiamshwa usiku na kuvuka mashamba kwa miguu, na jinsi nusu ya watu wazima wa kijiji wanavyomwamkia kwa aibu kidogo, maana yeye ndiye aliyewaona wa kwanza wakiwa uchi. Nikauliza kuhusu watoto wake mwenyewe. Ungo ukasimama.

"Mimi sikuzaa," akasema. "Lakini niko na mtoto. Mama yake alinifia hapa kwa mikono, akiacha ule msichana mdogo. Hakuna mtu alikuja kuchukua. Nikalea mimi na mzee wangu. Siku ya kuzika mzee, ukoo wakasoma wasifu: marehemu hakuacha mtoto. Na yeye amesimama pale analia baba yake. Nilisikia, nikanyamaza. Aliondoka bila kula. Hajarudi tena."

Sikuandika kitu. Tulikula atap, ule ugali wa wimbi na muhogo, tukalala.

Asubuhi yake, kabla chai haijachemka, pikipiki ilisimama nje. Alishuka Beti, yule wa dukani kwa Hajati, amejifunga leso kiunoni na kubeba sukari, kama mtu anayekwenda matangani. Alitafuta turubai kwa macho, asilione. Akamwona Mama Amoding na ungo wake.

"Mama, uko?"

"Niko."

"Mwalimu alisema wasifu."

"Na mwalimu anakunywa chai hapo. Karibu, kaa."

Beti hakukaa. "Nilikuja kusikia kama nitasomwa," akasema.

Mama Amoding aliinuka. Hakumwendea Beti, alikwenda ukingoni mwa ua akaita majirani, wake kwa waume, hadi shemeji yake, mkubwa wa ukoo wa marehemu mumewe, akaja na mswaki mdomoni. Kisha akanigeukia.

"Andika mtoto wangu, mwalimu. Halafu simama, soma kwa nguvu kama pale kwa kaburi."

Nikaandika, nikasimama. Nikasoma: "Mama Amoding, mkunga wa Osukuru, ana mtoto mmoja, Beti."

"Rudia," akasema, akimtazama shemeji yake.

Nikarudia. Mzee yule alitoa mswaki, akainamisha kichwa.

"Siku ile kosa ilikuwa yangu," Mama alimwambia Beti. "Mdomo nilikuwa nayo."

Beti aliketi, akavuta ungo, akaanza kupepeta huku machozi yakimdondoka.

"Usilie kwa hiyo wimbi," Mama akamwambia, akimfuta uso kwa kanga yake. "Itaota."

Mchana nilirudi Busia peke yangu, na salamu kwa Hajati kwamba duka atafungua mwenyewe wiki hii. Njiani niliwaza tulivyozoea kungoja mtu afe ndipo tutangaze alikuwa nani na alikuwa wa nani. Maiti hasikii. Beti alisikia, na niliposoma mara ya pili, nilimwona akilitamka jina lake pamoja nami.