Ningesogea, Ila Nimekufa Zangu

Wakati ule nilikuwa natunza stoo ya vipuri katika shamba moja la ngano la serikali, chini ya mlima Hanang. Jioni nilifundisha kisomo cha watu wazima. Ushairi nilijifunza mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole.

Mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote alikuwa mzee mfugaji kutoka Getanuwas. Baba yake alizikwa kwa heshima ya kwao: kaburi lilijengwa kwa udongo hadi likampita mtu kimo. Baadaye malisho yakawa shamba. Madereva wa matrekta, watu wa kuja, waliviita vilima vile vya makaburi vichuguu, na kichuguu husawazishwa. Makaburi mengine ya ukoo yalikuwa ngano tayari. La baba yake lilibaki, katika kipande cha kulimwa msimu unaofuata.

"Mwalimu, andika kitu," aliniambia. "Kisomwe kwenye sherehe ya mavuno, wakubwa wasikie."

Niliandika maombolezo marefu. Nilipoyasoma darasani wawili walisinzia, na mzee mwenyewe akapiga mwayo, kwa adabu, akiwa ameelekea ukutani. Nikayaweka kando. Nikatunga ngonjera ya kuchekesha, trekta likijibizana na kaburi, na nikamsomea mzee peke yake, kwa woga:

*Wewe kichuguu hapa, sogea nipite zangu!*
*Ningesogea, naapa, ila nimekufa zangu.*

Alicheka hadi akaegemea fimbo. Kisha akakunja uso.

"Kuna kosa. Trekta halijasalimia."

"Mzee, trekta ni chuma."

"Chuma kinachojua kusema 'sogea' hakishindwi na shikamoo. Baba yangu hajibu mtoto asiyesalimia."

"Itavunja mizani."

"Ivunje mizani. Kaburi isivunje."

Nilihesabu. Shikamoo, mizani nne. Marahaba, nne. Jumla nane, kipande kamili. Nikakiweka mwanzoni.

Mzee alitaka yeye mwenyewe awe kaburi. Trekta tulimpa dereva mmoja mcheshi, mtoto wa wafanyabiashara wa Katesh, ambaye ndiye angelima kipande kile cha shamba chenye kaburi. Siku ya sherehe aliingia akinguruma, mashavu yamevimba, akasimama mbele ya mzee aliyejifunika shuka gubigubi.

"Shikamoo!"

Kimya.

"Shikamoo, mzee!"

Kimya. Mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Zima injini kwanza, huna adabu wewe!"

Dereva akazima injini, akainama. "Shikamoo, baba."

"Marahabaaa," ikatoka chini ya shuka, nzito na ndefu, nje kabisa ya mizani yangu.

Watu walivunjika mbavu. Meneja wa shamba alifuta machozi kwa leso, akatupongeza kwa burudani, akaenda kula pilau. Kuhusu kaburi hakusema lolote. Mzee alikunja shuka lake akaondoka bila kuaga.

Msimu wa kulima ulipofika nilipanda gari la meneja kupeleka kipuri shambani. Tukakuta matuta yamepinda kama upinde kuzunguka kilima kile, na trekta limesimama kando.

"Kwa nini umeacha kichuguu?" meneja alifoka.

Dereva alishuka, akavua kofia. "Mkuu, nilishamwamkia, akaitikia. Sasa nitampandaje kichwani?"

Meneja alikitazama kilima. "Zunguka," akasema. Kabla hajapanda gari nilimsikia naye akikiamkia, upesi upesi, kama mtu anayekohoa.