Jinsi kiwanda chetu cha Nakuru kilivyounda waya wa superconductor kwa kutumia tangi la maziwa

Wakuu, nawasalimu kutoka Nakuru kwenye vumbi. Haya niliyaona kwa macho yangu, na sehemu ya aibu ni yangu mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kupamba.

Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha waya. Tunavuta copper: fimbo nene inapitishwa kwenye tundu dogo, halafu dogo zaidi, mpaka inakuwa waya wa nyumba yako. Mimi ndiye napima na kusaini report za ubora. Kwa sababu nina diploma, wananiita Injinia.

Reception yetu ina bango kubwa limeandikwa "Safari Yetu ya Superconductor". Hatua tatu, picha tatu. Niliandika mimi. Leo nawapa historia ambayo haikutoshea kwenye bango.

Hatua ya kwanza. Director wetu alienda maonyesho ng'ambo akarudi na kipande cha waya kirefu kama kidole. Kwa wasiojua, superconductor ni waya unaopitisha umeme bila kupoteza hata kidogo na bila kupata moto, ila lazima upozwe sana. Ndio unaotumika kwenye zile mashine kubwa za MRI hospitalini.

Director alikiangalia, akaona rangi ya copper, akaamua ni copper.

"Si hii ndio tunavuta kila siku?" akatuuliza. "Hawa watu wanatuchezea tu."

Foreman wetu, Mzee Wafula, alianza kuvuta waya kabla mimi sijazaliwa. Yeye haamini waya mpaka auone ndani. Alitumbukiza ncha ya kile kipande kwenye asidi kali, akaenda kunywa chai. Aliporudi, copper ya nje ilikuwa imeyeyuka. Zilibaki nyuzi nyembamba ajabu, nyingi mno, zimetawanyika kama ndevu za mahindi.

"Copper ni koti tu," akasema. "Kazi iko kwa hizi nywele. Na hii chuma sisi hatuna."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Director akasema Mzee ameharibu sample, akamhamishia store kupanga reel tupu. Kosa lake lilikuwa kujua.

Hatua ya pili. Kwa kuwa sasa tulijua kuna nyuzi ndani, tulichukua mrija wa copper, tukaujaza ule waya wa kufungia nondo, tukauvuta. Ukakatika. Tukauvuta tena, ukakatika tena. Mwishowe tukapata roll moja. Kwenye bango inaitwa "multi-core ya kizazi kipya". Kwa maana hiyo kila mjengo hapa Nakuru una maabara.

Hatua ya tatu ilikuwa baridi. Nilimweleza Director kwamba superconductor inataka baridi ambayo hakuna freezer ya nyama inaweza kuifikia, baridi ya kufanya hewa yenyewe iwe maji. Alinitazama kwa huruma.

"Injinia, baridi ni baridi. Wewe umewahi kulala Dundori?"

Wakuu, mimi nimezaliwa Dundori, kule juu kwenye baridi nje ya Nakuru. Mama yangu ana ng'ombe wawili huko, na maziwa yao anayapeleka kwenye tangi la ushirika, lile linalopoza maziwa ya wakulima mpaka lori lije. Tangi hilo hilo ndilo Director alikuwa amechagua kujaribia waya wetu. Tungetoa kebo nene inayolisha motor ya kupoza tangi, tuweke waya wetu mwembamba, tuupitishe ubavuni mwa tangi upate baridi. Wembamba si shida, alisema, kwani superconductor hupata moto?

Mwenyekiti wa ushirika alifurahi kusikia tangi lake litaingia kwenye historia. Alitaka tu report ya ubora.

Nilijua waya ule hauwezi kubeba motor ile. Nilijua pia Mzee Wafula yuko store. Nikasaini.

Siku ya kufunga waya, alfajiri, mama alinipigia simu.

"Wanasema ni wewe umeangalia hiyo waya. Iko sawa, Kimani?"

"Iko sawa, mum."

"Basi wacha nipeleke maziwa yote. Nilikuwa nataka kubakisha kidogo."

Tulifunga waya asubuhi. Saa sita mchana plastiki yake ilikuwa inayeyuka, moshi unatoka, na motor imenyamaza. Kebo ya zamani ilikuwa imeshapakiwa na kurudishwa town, kwa sababu Director hakuona kama itahitajika tena. Kufika jioni maziwa ya tangi zima yalikuwa yameharibika. Wakulima waliyamwaga maziwa kwenye mtaro sisi tukiwaangalia. Director akasema yalikuja yakiwa na shida zake.

Mama hakunigombeza. Aliosha mkebe wake, akauliza, "Ulikuwa unajua?"

Nilimpokea mkebe nikaanza kuukausha. Niliona aibu ambayo mpaka leo haijaniisha.

Picha ya tatu kwenye bango ni yake. Amebeba mkebe, amenyoosha mkono, na chini nimeandika: "Mkulima akifurahia teknolojia." Ilipigwa saa sita ile. Alikuwa anatuonyesha moshi. Moshi tuliukata.

Mzee Wafula bado yuko store. Zile nyuzi ameziweka kwenye kichupa cha dawa, na ndiyo superconductor pekee iliyowahi kuingia kiwandani kwetu. Director anadhani ni brashi.

Nilichojifunza ni kwamba mjinga peke yake hafiki mbali. Anahitaji mtu mwenye diploma wa kumsainia.

Kama ofisi yenu nayo ina bango la mafanikio, hebu tuambieni hapa chini ni nini kilikatwa kwenye picha. Mimi nimeanza.

Mama tunaongea vizuri, na chai ananipa. Ila siku hizi nikimwambia mvua inanyesha, kwanza anatoka nje kuangalia.