Bluzi ya Mama na Jazi ya Mjomba

Mimi napiga tarumbeta. Sikuota ndoto wala sikuitwa na mtu. Napiga kwa sababu mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, ana kikundi cha matarumbeta ya harusi hapa Bagamoyo, na mpulizaji wake wa zamani aling'oka meno mawili ya mbele. Nilikuwa darasa la sita. Mjomba alinitazama mdomo kama mtu anayenunua mbuzi, akasema nitafaa. Tangu siku hiyo tarumbeta la kikundi, ambalo ni hilo moja tu, ni langu, nimewasindikiza maharusi nyuma ya pikapu kuanzia Kaole mpaka Makurunge. Wengine wameshaachana na kuoa tena, na mara ya pili nimewapulizia mimi vilevile.

Nilipomaliza kidato cha sita, chuo kimoja cha muziki Dar kikatangaza kozi ya jazi. Niliitaka kozi ile mpaka chakula hakipiti. Mama alikubali kwa sharti: nijaribu mara moja tu, na nikikosa niende Kerege kwa shangazi nikamsaidie duka lake la misumari na saruji. Shangazi nampenda. Misumari siipendi.

Barua ya usaili ikaja kwenye simu. Ilisema mwombaji aandae vipande vitatu vya jazi, viwili vya kuchagua mwenyewe na kimoja kiwe bluzi. Nikaisoma kwa sauti barazani, mbele ya mama na mjomba, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

"Bluzi?" mama akauliza. Alikuwa anapeta mchele, ungo ukasimama mikononi. "Bluzi si ile ya disko? Taa zinapunguzwa, watu wanashikana viuno?"

"Mama, umejuaje?"

"Nilihadithiwa."

Mjomba akakohoa. Enzi za usichana wa mama yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kumfuata popote alikochelewa, kwa hiyo alikuwa na mengi ya kusema, akayameza. Mama akahukumu kwamba kama bluzi ni lazima, basi niipige nimekaa kitini, peke yangu, nimetazama ukuta. Nikasema sawa, maana mama ukimbishia anaongeza masharti.

Kuhusu vile viwili vingine hapakuwa na mjadala. Ujanani mjomba alipiga saksafoni kwenye bendi ya dansi, na zama zile kila bendi ilijiita jazi. Hata wenye magitaa mawili na ngoma moja ya kuazima walikuwa jazi. "Mwanangu, umebahatika," akasema. "Unaitafuta jazi, na jazi imekaa hapa inakunywa chai. Jungu kuu halikosi ukoko." Akachagua palepale. Cha kwanza kikawa wimbo wa mwanamume anayelalamika kuwa mkewe ameondoka na cherehani. Cha pili kikawa wimbo wa kuwahimiza wananchi kuchimba vyoo. Huo wa vyoo, alisema, ulikuwa unawatoa watu machozi.

Nyimbo zote mbili zilikuwa na chemko, yaani ile sehemu ya mwisho ambapo mwimbaji ananyamaza, muziki unakazwa na watu wanaingia kucheza. Mjomba ana sheria moja ya chemko: halikatishwi mpaka wachezaji wachoke wenyewe. Tukaanza mazoezi uani jioni ileile.

Ilipobaki wiki moja nikaingiwa na shaka, nikaitafuta jazi kwenye simu. Kilikuwa kitu kingine kabisa, hakuna cherehani, hakuna choo, hakuna hata anayeimba. Nikampelekea mjomba kipande kimoja, nikamwekea sikioni. Akasikiliza kwa adabu, macho kayafumba. Ilipofika dakika ya tano akasema, "Vyombo vyao vizuri. Wanapasha moto. Ngoja waanze."

"Mjomba, wameshaanza."

"Hawajaanza."

Kikaisha. Akanirudishia simu, akauliza kama mtandao umekatika. Nilipomweleza kwamba hiyo ndiyo jazi inayotakiwa chuoni, uso ukambadilika. "Mkataa kwao mtumwa," akasema, akainuka kwenda kuswali alasiri. Aliporudi hakuligusa tena jambo lile.

Hapo nikakasirika, na hasira zangu ziko karibu, nakiri. Nikajiambia mzee huyu atanipeleka kwenye misumari kwa mkono wake mwenyewe. Siku sita nikaishi maisha mawili: asubuhi najificha shambani kwa bibi, Kaole, nafanya mazoezi ya vipande vya kwenye simu mbele ya mbuzi, jioni nipo uani kwa mjomba napuliza vyoo. Mbuzi walikuwa wanahama. Nami, kusema kweli, vipande vile sikuvielewa, nilivikariri tu kama mtoto wa madrasa anavyokariri asichokijua maana.

Siku ya usaili mjomba akasema atanisindikiza. Akavaa suti yake ya bendi, rangi ya chungwa, kola zinakaribia mabega. Chuoni wakamwomba akae kwenye benchi nje ya mlango.

Ndani kulikuwa na walimu watatu. Cha kwanza nikapiga kimoja nilichokikariri kwenye simu, mwanzo hadi mwisho, wala hakuna aliyetikisa hata kidole. Cha pili nacho cha simu, ila kilikuwa na mahali katikati ambapo mpulizaji anatakiwa abuni vya kwake. Nikafika mahali pale, nikabuni kimya. Nikavuta pumzi, nikatafuta kichwani, humo kumejaa harusi tupu. Basi midomo yangu, bila kuniomba ruhusa, ikaingia kwenye chemko la cherehani.

Sasa, chemko lina utaratibu wake: tarumbeta linaita, saksafoni inaitikia. Nikaita. Nje ya mlango pakaitikia, "Paa-pa-pa-paa." Kwa mdomo. Nikaita tena, nihakikishe kama nimesikia vibaya. Mlango ukafunguka, akaingia mjomba na suti yake, anaitikia huku anacheza, magoti kayakunja, kidole kimoja juu. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini chemko halikatishwi, ndivyo nilivyolelewa. Nikaita, akaitikia, nikaita, akaitikia, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikawa najua ninachokifanya. Nilifurahi. Nasema bila haya, nilifurahi mno. Mchezaji alikuwa mmoja na hakuonyesha dalili ya kuchoka, ikabidi mwalimu mwenye miwani asimame na kutupungia mikono yote miwili.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Jazi," mjomba akajibu, anahema.

"Mzee wangu, shikamoo. Nilikuwa namuuliza binti."

Nikamtazama mjomba, jasho linamchuruzika kwenye kola. Nikasema, "Ni jazi."

Mwalimu akaandika kitu kirefu. Kisha akaomba bluzi. Nikavuta kiti, nikakaa, nikageukia ukutani, nikapiga.

Baada ya wiki tatu barua ikaja, nimekubaliwa. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaposwa. Mjomba akaichukua simu, akavaa miwani, akaisoma barua mara mbili, akauliza chuo kinafunguliwa lini. Nikamwambia.

"Wiki hiyo tuna harusi Makurunge," akasema.

Nikamjibu haraka kwamba Dar si mbali, nitakuwa narudi kila Ijumaa. Akatikisa kichwa. Akasema jazi haisomwi kwa mguu mmoja. Akasema alijua tangu siku ile anachagua nyimbo kwamba nikizipiga vizuri nitaondoka, ndiyo maana akanipa mbili alizozipenda kuliko zote. Nikalia pale barazani mbele ya majirani.

Yeye akatoka uani kumpigia simu baba wa bibi harusi. Nikamsikia akimhakikishia kuwa kikundi cha matarumbeta kitafika saa nane, inshallah, ila tarumbeta halitakuwepo.